Mshale wa Pili

Mtu akipatwa na shida, je, uchungu wote alio nao umetoka katika shida ile, au mwingine amejitilia mwenyewe? Twauliza swali hili kwa sababu ya jambo tuliloliona huku kwetu Malinyi.

Katika masika ya mwaka 2024 mito ya bonde la Kilombero ilifurika, mashamba mengi ya mpunga yakafunikwa na maji. Katika kijiji kimoja walikuwako ndugu wawili, watoto wa mama mmoja. Shamba la mkubwa, lililo bondeni, lilipotea lote. La mdogo, lililo juu kidogo, likasalia. Yule mkubwa akasema, "Mdogo wangu ameyafukuza maji kwa dawa, yaje kwangu." Tangu siku ile hawakula pamoja. Maji yakapungua, lakini neno lile halikupungua. Mama yao alituambia, "Mchungaji, mpunga tutapanda tena. Wanangu je, nitawapanda wapi?"

Maneno ya mama huyu yalitukumbusha fundisho moja la Buddha, yaani Siddhartha Gautama, mtu wa Bara Hindi aliyeishi miaka zaidi ya mia nne kabla ya Kristo. Wafuasi wake hawako mbali nasi. Dar es Salaam, pale Upanga, liko hekalu lao, lililoanzishwa katika miaka ya 1920 na Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka. Buddha alifundisha ya kuwa mtu asiye na hekima, akiumia, ni kama mtu aliyechomwa mshale, kisha akachomwa na wa pili. Mshale wa kwanza ni maumivu yenyewe, wala hakuna awezaye kuyakwepa yote. Wa pili ni manung'uniko na hasira ya moyo wake. Mwenye hekima huchomwa na mmoja tu.

Kwa hiyo wafuasi wake hufundishwa kukaa kimya, kuangalia pumzi zao, na kuulinda moyo, ili hasira ijapo waitambue kabla haijawa neno. Jambo hili mlinzi wa mpunga alijua sana. Akiwa macho juu ya dungu, huwaona ndege wangali mbali. Akisinzia, huamka wamekwisha kula.

Labda mtu atauliza, "Je, yampasa Mkristo kujifunza kwa mtu huyu?" Hatuifichi tofauti. Buddha hakufundisha watu kumwomba Muumba. Nasi twaamini ya kuwa hatuwezi kuulinda moyo kwa nguvu zetu peke yetu. Lakini jambo hili limo hata katika Maandiko. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba kimya, na hilo lilikuwa jema. Walipofungua vinywa, wakamtafutia kosa, wakamwongezea jeraha. Mshale wa pili waweza kutoka hata mkononi mwa wafariji.

Tena tujihadhari, fundisho hili lisiwe fimbo ya kuwapigia maskini. Mwenye njaa asiambiwe, "Tuliza moyo," kisha aachwe. Mshale wa kwanza wauma kweli, wataka kung'olewa: apewe mbegu, asaidiwe kulima. Wala kulia si dhambi, maana Bwana Yesu mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro. Mshale wa pili si machozi. Ni kumtafuta mtu wa kumlaumu ili uchungu wetu upate pa kutua.

Nasi twakiri kosa letu. Masika yale shamba letu nalo lilizama, na jioni ile tulimkaripia mtoto vikali kwa ajili ya kikombe kilichovunjika. Mtoto hakujua ya kuwa alikuwa akilipa deni la mto.

Msimu uliofuata yule mdogo alimpelekea kaka yake mbegu. Kaka alizipokea asiseme neno, akazipanda. Hata sasa hawajala pamoja, nasi twazidi kuwaombea.

Basi, walimu wa Injili, mkiitwa penye hasara au msiba, kaeni kwanza kimya pamoja na wenye uchungu. Na mtu akianza kuuliza ni nani aliyemroga, mshikeni mkono kabla hajataja jina. Jina likiisha kutajwa, ni vigumu kulirudisha.