Mita 50 na Haki ya Jirani



Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuvuta sigara ndani ya majengo ya umma na sehemu za kazi, na hata nje, katika umbali wa mita 50 kutoka hapo. Baadhi ya wanafunzi wenzangu wanaona katazo hili la nje limepita kiasi. Ndani sawa, wanasema, lakini nje kuna upepo, na mwili wa mvutaji ni wake mwenyewe.

Katika fiqhi tunasoma kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu tumbaku: wapo walioiharamisha na wapo walioiona makuruhu. Naona suala la mita 50 halihitaji kusubiri khitilafu hiyo iishe. Kitunguu saumu ni halali, lakini Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekila kibichi asiukaribie msikiti, kwa sababu harufu yake inawaudhi watu na malaika. Ikiwa harufu ya chakula halali ina hukumu hiyo, tuseme nini juu ya moshi unaoleta maradhi ya moyo na mapafu hata kwa asiyevuta?

Ama mwili, huo ni amana ya Allah. Na hata tukikubali kuwa ni wa mvutaji, moshi ukishamtoka kinywani unaingia katika miili ya wengine, nao hawakuombwa ruhusa.

Hata hivyo, sheria hupima kwa mita. Mvutaji anaweza kuhesabu hatua zake akasimama mita 51 kutoka mlango wa maktaba, pale mama anapokaanga chapati na mayai, mtoto akiwa mgongoni. Tuseme askari hana la kumuuliza. Je, mbele ya Allah atajitetea kwa mita moja? Kanuni yetu ya kutodhuru wala kudhuriana haikufungwa kwenye kuta. Inamfuata mwanadamu popote alipo.

Nasi tusiovuta tuna wajibu wetu. Mlinzi wa lango aliyezoea sigara miaka mingi ana uraibu, na kumfukuza kwa matusi ni dhara nyingine. Tumnasihi kwa upole, tena faraghani.

Ndugu yangu unayevuta, kabla ya kuwasha, angalia kwanza ni nani aliye karibu nawe.

Wallahu aalam.