Mama Aliyenyamaza: Je, Tunaweza Kuamini kwa Niaba ya Mwenzetu?

Somo: Marko 2:1–12, Yohana 20:24–29, Wagalatia 6:2–5



Kikundi chetu cha wamama cha kujifunza Neno hukutana kila Jumatano saa tisa alasiri, nyumba kwa nyumba hapa Voi. Wiki hii tuko Sofia, wiki ijayo Mwakingali, ile nyingine Kaloleni. Tukifika wote tuko kumi na wanne. Kila mmoja huja na Biblia yake, daftari, na shilingi hamsini ya kikapu. Na kila mara tunaanza vilevile. Anayeongoza anasema, "Mungu ni mwema!" Wote wanaitikia, "Kila wakati!" Anaongeza, "Na kila wakati?" Wote, "Mungu ni mwema!" Hapo ndipo tunakaa na kufungua Neno.

Jumatano moja mama mmoja hakuitikia.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Mama huyu anauza mboga sokoni. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa miezi saba, aliugua. Sisi kama kikundi tulifunga siku tatu. Siku ya tatu tukakutana, na mimi mwenyewe ninayeandika haya nilisimama, nikamwekea yule nyanya mikono, nikasema mbele ya wote, "Mtoto huyu amepona. Hakuna kifo hapa." Tukapiga makofi, tukashangilia, wengine wakalia kwa furaha. Siku mbili baadaye mtoto alifariki.

Tulienda matangani. Tulipika, tulichota maji, tulichanga. Kwa mambo hayo wamama wa Taita hatuna mchezo. Lakini aliporudi kwenye kikundi baada ya wiki tatu, salamu ikapigwa kama kawaida, sisi sote tukaitikia, naye akawa kimya. Mara ya kwanza tukadhani hakusikia. Jumatano iliyofuata, kimya tena. Dada mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Mama, ukinyamaza hivyo unampa shetani nafasi. Kiri tu, hata kama huhisi."

Akajibu polepole, "Nikiitikia nitakuwa nimedanganya. Sasa mnataka nimdanganye Mungu mbele yenu?"

Chai ilipoa siku hiyo. Hakuna aliyekuwa na jibu, na mimi nilikuwa wa mwisho kustahili kujibu.

Nimelibeba swali lake miezi mingi, na leo nataka tulitazame pamoja. Je, mtu aseme maneno ya imani ambayo moyo wake haujafika? Na kama hawezi kuamini kwa sasa, sisi wenzake tunaweza kuamini kwa niaba yake?

Kukiri si kuficha

Najua wengi mtasema mara moja kwamba imani ni kukiri yasiyoonekana. Ni kweli, Waebrania 11 inafundisha hivyo, na Mithali 18:21 inatuonya kuhusu nguvu ya ulimi. Mimi pia nimeyafundisha hayo. Lakini hebu tumwangalie nabii Habakuki katika sura ya 3, mstari wa 17 na 18. Kabla ya kusema kwamba atamfurahia Bwana, anahesabu kwanza kila kilichokosekana: tini hakuna, zabibu hakuna, shamba halikutoa chakula, zizi halina mifugo. Habakuki hakusema ghala limejaa. Alisema ni tupu, halafu akasimama na Mungu akiwa katikati ya utupu huo.

Sisi watu wa Taita Taveta tunaielewa hiyo hesabu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikataa katika sehemu nyingi kame za Kenya, na huku kwetu tuliionja. Ulipanda pojo, ukapanda mahindi, ukaangalia juu. Na pale ulipopata kitu kidogo, ndovu wa Tsavo akakitangulia usiku. Kuna mkulima aliyeamka asubuhi, akatazama shamba lililokanyagwa, akasema, "Hapa kuna mavuno tele"? Angesema hivyo tungempeleka hospitali. Mkulima wa imani anasema, "Yote yamekwisha, na mvua ikirudi nitapanda tena."

Kwa hiyo imani na uongo si kitu kimoja, ijapokuwa vyote viwili vinasema jambo lisiloonekana. Imani inasema la Mungu kuhusu kesho, bila kuficha la leo. Uongo unalifunika la leo ili watu wapige makofi.

Hapo ndipo nilipojiona. Nilipotamka kwamba mtoto amepona, nilidhani ninaonyesha imani. Lakini vijana wale watatu mbele ya Nebukadneza, katika Danieli 3, walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawatasujudia sanamu. Lile "hata asipo" ndilo lililokosekana kinywani mwangu. Wao walimwachia Mungu uamuzi. Mimi nilimwandikia Mungu jibu, nikalisoma mbele ya watu, na jibu lilipokuwa lingine, aliyelipa gharama ni mama wa watu.

Kimya kilichoandikwa kikawa Neno

Wazee wetu wanasimulia kuhusu mwaka wa 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya kikoloni iliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, ikawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi, mbali na mlima wao. Wengi walifia huko. Nikiwaza habari hiyo nakumbuka Zaburi 137. Wana wa Israeli wakiwa uhamishoni Babeli waliombwa na waliowateka wawaimbie wimbo wa nyumbani. Wakakataa. Vinubi wakavitundika mitini.

Wapendwa, angalieni jambo hili: Mungu hakulifuta lile kataa lao. Kimya chao kiliandikwa, kikaingia katika kitabu cha nyimbo za ibada, na leo tunakisoma kama Neno la Bwana. Zaburi 88 nayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina mstari wa mwisho wa ushindi. Kama Roho Mtakatifu aliiacha hivyo, mimi ni nani nimlazimishe mama aliyezika mjukuu amalize kwa haleluya kabla ya saa kumi na moja, ati kwa sababu tunataka kufunga kikao?

Wazee wa uamsho ule uliotokea Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka wa 1937, walituachia urithi mkubwa. Walifundisha kutembea nuruni. Mtu alisimama kati ya ndugu, akataja dhambi yake wazi, bila kupaka rangi. Sisi tunaokuja nyuma tumejifunza kusema ukweli kuhusu dhambi. Kuhusu maumivu bado tunasema uongo mtakatifu. Mwenye dhambi tunampa nafasi. Mwenye uchungu tunamwambia, "Kiri tu."

Mizigo miwili ya Paulo

Sasa tuje kwa swali la pili. Katika Marko 2 mtu aliyepooza aliletwa na watu wanne. Wakatoboa dari, wakamshusha. Na Neno linasema Yesu aliiona imani yao. Yao! Kuhusu imani ya mgonjwa mwenyewe, Marko hasemi kitu. Labda alikuwa nayo, labda alikuwa amechoka kutumaini zamani. Aliloweza siku hiyo ni kukubali kubebwa.

Lakini mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: je, si kila nafsi itajibu kwa ajili yake yenyewe? Ezekieli 18 inasema hivyo. Mimi siwezi kuokoka kwa niaba ya mume wangu, wala wewe huwezi kutubu kwa niaba ya mwanao. Sasa tunashika lipi?

Mtume Paulo anatusaidia. Katika Wagalatia 6:2 anatuagiza kubebeana mizigo. Mistari mitatu mbele, katika 6:5, anasema kila mtu ataubeba wake mwenyewe. Amejipinga? Hapana. Mama yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye kioski cha maji anaelewa. Umejaza mtungi wa lita ishirini, huwezi kujitwika peke yako. Mwenzio anainama, mnauinua pamoja, anakutwika. Baada ya hapo ni shingo yako na miguu yako mpaka nyumbani. Hatembei kwa niaba yako. Lakini bila mikono yake usingeondoka pale kioski. Na siku unayoumwa hata kusimama huwezi, anaubeba mtungi wako pamoja na wake, anaufikisha mlangoni. Haujawa wake. Bado ni maji yako, na kesho utayatumia wewe.

Hivyo ndivyo ninavyoelewa kuamini kwa niaba ya mwenzio. Hatuamini badala yake, kana kwamba nafsi yake imehamia kwetu. Tunaushikilia mzigo mpaka apate shingo ya kuubeba. Yule aliyepooza alibebwa kwenda, lakini kurudi alitembea, tena na mkeka wake kwapani.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona kwa mbali unaonekana mwepesi. Ndiyo maana ni rahisi kumwambia mtu "amini tu."

Siku nane za Tomaso

Tomaso tunamwita mwenye shaka mpaka jina limemganda. Lakini someni tena Yohana 20. Wenzake kumi walimwona Bwana, yeye hakuwepo. Wakamwambia, akakataa. Halafu zikapita siku nane. Mlishawahi kujiuliza siku hizo nane zilikuwaje? Watu kumi wana furaha, mmoja hana. Kumi wanasimulia, mmoja ananyamaza. Hakuna mahali tunapoambiwa walimfukuza, au walimkemea, au walimtaka ajifanye ameona. Tunachoambiwa ni kwamba baada ya siku nane walikuwa ndani tena, na Tomaso pamoja nao.

Yesu alimkuta Tomaso kwa sababu Tomaso alikuwa bado chumbani. Wangemchosha kwa maneno akaondoka, nani angelisema lile neno la kumwita Yesu Bwana wake na Mungu wake?

Siandiki haya ili tusifu shaka. Kikundi ambacho hakuna anayeamini hakiwezi kumbeba mtu. Wale wanne wa Marko walihitaji miguu yenye nguvu, na ndiyo maana sisi tuliobaki lazima tuendelee kuitikia, kufunga na kusoma. Tunaitikia kwa sauti ili asiyeweza asikie. Tofauti ni hii: tunaitikia kwa ajili yake. Hatuitikii ili kumshinda.

Tulichofanya

Kabla ya Jumatano iliyofuata nilienda nyumbani kwake. Nilimkuta uani na mafungu ya mboga. Nikamwambia, "Mama, nilisema kitu ambacho Mungu hakunituma kusema. Nisamehe." Hakunijibu. Baada ya muda akaniambia, "Shika kisu, nisaidie kukata sukuma." Tukakata mpaka giza likaingia. Hatukuomba siku hiyo, wala sikumpa mstari.

Kwenye kikundi nilirudia maneno yaleyale mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa nimekosa mbele ya wote. Kisha tukakubaliana mambo matatu. Hakuna atakayelazimishwa kuitikia wala kushuhudia. Tutakapoombea mgonjwa tutaomba kwa ujasiri wote, lakini hatutatangaza kilichotokea kabla hakijatokea. Na yatakayosemwa pale kwa machozi hayatatoka nje, hata yakivaa nguo ya "ombi la maombi."

Mngependa niwaambie kwamba siku moja alisimama akapaza sauti, "Kila wakati!" Bado. Anakuja, anakaa karibu na mlango, anaweka hamsini yake kikapuni. Lakini wiki chache zilizopita mama kijana alikuja na mtoto mwenye homa, amechanganyikiwa. Tulipoinuka kumwombea, mkono wa kwanza uliofika begani kwake ulikuwa wa mama yule anayenyamaza. Hakusema neno. Aliuacha mkono pale mpaka tukamaliza.

Nikajiuliza ni nani kati yetu aliyeomba zaidi siku hiyo.

Mpendwa msomaji, angalia karibu nawe Jumapili hii. Wote wakiitikia, sikiliza asiyeitikia. Usimhubirie. Kaa karibu naye, na kama ana mboga za kukata, omba kisu.

Tuombe: Bwana, tusamehe tulipokusemea usiyoyasema. Wabebe waliochoka kuamini, na utupe mabega ya kushika kona zetu za mkeka mpaka utakapowaambia wao wenyewe wasimame. Katika jina la Yesu, Amina.

Ya kujadiliana nyumbani:
1. Je, umewahi kusema "amina" ambayo moyo wako haukuwa nayo? Kwa nini?
2. Kuna mtu katika ushirika wako aliye katika siku zake nane? Utafanya nini asitoke chumbani?
3. Someni Zaburi 88 kwa sauti. Mkimaliza, msiongeze kitu. Nyamazeni pamoja kwa dakika moja.