Bakuli Lililofunikwa

Agosti 1, 2023, mjini Naypyidaw, Jenerali Min Aung Hlaing wa Myanmar aliweka wakfu sanamu ya Budha iliyochongwa kwa marumaru ya Sagyin, jirani na Mandalay. Bila kuhesabu kiti chake, Budha huyo ana urefu wa takriban mita 19. Watawa walialikwa, wakaja.

Mimi ni Mwislamu. Warohingya zaidi ya 700,000 waliolikimbia jeshi la jenerali huyo na kuingia Bangladesh kuanzia Agosti 2017 tunaelekea nao kibla kimoja, kwa hiyo sijidai kuwa sina upande. Hata hivyo, linalonikera katika sherehe ile ni swali ambalo dini yoyote ingepaswa kulijibu: mtu aliyeamuru mauaji akitoa sadaka, anayeipokea anapokea nini?

Min Aung Hlaing alizaliwa Dawei mwaka 1956, akasoma sheria Yangon (naam, sheria) kabla ya kuingia chuo cha kijeshi. Mwaka 2009 aliongoza mashambulizi ya Kokang yaliyowakimbiza makumi ya maelfu hadi China. Machi 2011 akawa mkuu wa majeshi. Julai 2021 angetimiza miaka 65, umri wa kustaafu. Februari mosi mwaka huohuo akapindua serikali. Marekani ilikuwa imeshampiga marufuku kuingia nchini mwake Julai 2019, na Desemba ikazuia mali zake. Baada ya mapinduzi wakafuata Uingereza na Umoja wa Ulaya, na watoto wake wawili wakawekewa vikwazo pamoja na kampuni zao sita. Yeye hakushuka cheo hata ngazi moja.

Vikwazo vya aina hiyo humzuia mtu kupata. Ubudha wa Burma, jina la zamani la Myanmar, una kikwazo cha zamani zaidi, ambacho humzuia mtu kutoa. Thawabu huko hupatikana kwa kumlisha mtawa, kumvisha joho, kujenga pagoda. Kila mtawala amelijua hilo. Mlei akiwadhuru watawa, sheria yao inawaruhusu kulifunika bakuli mbele yake, wasipokee hata punje ya wali. Walifanya hivyo Mandalay mwaka 1990. Mwaka 2007, baada ya wanajeshi kuwapiga watawa huko Pakokku, walidai kuombwa radhi ifikapo Septemba 17. Kimya. Wakaingia barabarani, mabakuli yamegeuzwa chini juu. Jeshi lilijibu kwa risasi na kuvamia nyumba za watawa usiku, na kwangu hiyo ni dalili kwamba lilichomwa. Nani huhangaika hivyo kwa sababu ya sadaka iliyokataliwa, kama haogopi?

Ila si kila bakuli lilifunikwa. Oktoba 2017, Warohingya wakiwa bado wanavuka mto Naf kuingia Bangladesh, mtawa mashuhuri Sitagu Sayadaw aliwahubiria maofisa kambini katika jimbo la Karen. Aliwakumbusha kisa cha mfalme Dutthagamani wa Sri Lanka, aliyejuta kuua halaiki vitani. Watawa wakamtuliza: katika wote waliokufa, waliostahili kuhesabiwa ni mtu mmoja na nusu, kwani waliobaki hawakuishika dini. Nasema wazi kwamba hesabu hiyo inanitisha kuliko bunduki. Bunduki huua mara moja. Hesabu ile humwezesha muuaji kulala.

Hesabu za namna hiyo, zinazowafanya wanaouawa wasihesabike kuwa watu, zilishasikilizwa mahakamani Arusha, katika kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda. Abubacarr Tambadou, aliyefanya kazi katika mahakama hiyo, alikuwa Waziri wa Sheria wa Gambia alipozuru kambi za Cox's Bazar mwaka 2018. Novemba 2019 Gambia ikaishtaki Myanmar huko The Hague kwa mauaji ya kimbari ya Warohingya.

Chuoni nilifundishwa kwamba sadaka ya dhuluma haipandi mbinguni, hata ikitolewa kwa machozi. Watawa wana kanuni isiyo mbali na hiyo, na tena wanajua jinsi bakuli linavyofunuliwa: mkosaji akiri kosa, aombe radhi kwa aliowakosea. Marumaru haimo katika masharti hayo.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa siipeleki Washington wala Brussels, ambako wamefanya yaliyo ndani ya uwezo wa hazina na benki. Naipeleka kwa watawa walioitika mwaliko wa Naypyidaw. Walikuwa na kikwazo ambacho jenerali hawezi kukikwepa kupitia benki ya nchi jirani, wakaamua kutokitumia.