Haki ya Kujificha

Weston ni mtaa wa kaskazini magharibi mwa Toronto, ukingoni mwa Mto Humber, na kwa miaka mingi umekuwa makazi ya watu waliotoka Karibea, Somalia na sehemu nyingine za Afrika. Katika mitaa ya namna hii, Ontario nzima, si lazima mtoto awafuate wanyama. Wanyama huletwa kwake. Mwonyeshaji hufika shuleni, maktabani au kwenye ukumbi wa kanisa na makasha yake ya plastiki, akatoa chatu, kobe, kinyonga, kalunguyeye, na pengine yule mende mkubwa wa Madagaska anayefoka akiguswa. Watoto huketi sakafuni, huelezwa mnyama anatoka wapi na anakula nini, kisha humgusa mmoja mmoja. Nia ni njema na furaha ya watoto ni ya kweli. Swali langu ni la kimaadili, na kwangu ni la kidini pia: je, elimu ni sababu tosha ya kumnyima kiumbe uwezo wa kutuepuka?

Mtazame chatu anayetumiwa sana katika maonyesho haya, yule mfupi mnene mwenye mabaka ya kahawia, ambaye kwao ni kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda. Porini mchana humkuta shimoni au ndani ya kichuguu, na usiku ndipo anapotoka. Akiogopa hakimbilii kuuma: hujiviringa akawa tufe, kichwa amekificha katikati ya mapindi yake. Ukumbini hutolewa mchana, chini ya taa, akapitishwa mkono kwa mkono, na utulivu wake ukasifiwa kuwa upole. Hapo ndipo somo linapoharibika. Mtoto amegusa magamba, amejua kwamba nyoka hana utelezi, jambo ambalo ni kweli na lina manufaa. Lakini amefundishwa pia kuisoma hofu kama ridhaa. Kalunguyeye naye hujikunja kwa sababu hiyohiyo. Yuko pia kobe wa miamba ya Tanzania na Kenya, ambaye wengine humwita kobe chapati: gamba lake ni bapa na laini, na akishtuka hukimbia, akajipenyeza kwenye ufa wa jiwe na kujibana humo asiweze kuvutwa. Maisha yake yote yamejengwa juu ya ule ufa. Biashara ya wanaotaka kufuga wanyama wa ajabu imemwandama mno, hata mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zikampandisha kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Ukimweka juu ya meza isiyo na ufa wowote, umeonyesha umbo lake na kuondoa maana ya umbo hilo.

Dini zetu hazikulinyamazia jambo hili. Waislamu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki yake ardhini. Msomaji makini atanikatiza hapa, na ana haki. Wanazuoni wengi wameielewa hadithi hiyo kuwa kosa ni njaa, na kwamba kumweka mnyama ukimtunza vizuri kunaruhusiwa. Tena Mtume mwenyewe alimtania kwa upole mtoto Abu Umayr juu ya kindege chake, asimkataze kukifuga. Nakubali. Sidai kwamba kila kizimba ni dhambi. Lakini kindege kile kilikuwa na mtu mmoja aliyekijua, na kilipokufa alihuzunika. Mnyama wa maonyesho hushikwa na mikono mipya kila siku ya kazi, na hakuna hata mmoja wa wale watoto atakayejua kama kesho ameamka mzima. Ruhusa ya kufuga haigeuki yenyewe kuwa ruhusa ya kuzungusha. Wakristo nao wana Kitabu cha Ayubu. Mungu anapotaka kumfundisha Ayubu udogo wake, humtajia punda mwitu, mbuni, mwewe na mbuzi mwitu wa majabali anayezaa pasipo mtu kumwona. Sehemu kubwa ya somo hilo ni wanyama, na hakuna hata mmoja anayeletwa mbele ya mwanafunzi. Nguvu ya somo iko katika kuwa kwao mbali.

Pingamizi zito zaidi linatoka Weston yenyewe. Mtoto anayeishi ghorofani, ambaye wazazi wake wanafanya kazi za zamu, hatafika Serengeti. Hata Bustani ya Wanyama ya Toronto iko upande wa pili wa jiji, na kiingilio cha familia nzima si pesa ndogo. Kumwambia akae bila kuona ni rahisi kwa aliyekwisha kuona. Hoja hii inaniuma, maana usawa nao ni suala la haki. Hata hivyo inachukulia kwamba Weston haina wanyama. Kila vuli samaki aina ya samoni hupanda Mto Humber kutoka Ziwa Ontario kwenda kutaga, na kwenye vizingiti vya mto mtu husimama akawaona wakiruka, wakashindwa, wakarudia. Hakuna tiketi. Kuna siku hawaonekani, na mtoto akirudi nyumbani mikono mitupu amejifunza jambo ambalo kasha la plastiki haliwezi kumfundisha: kwamba kuonana na kiumbe mwitu hakuamuliwi na sisi peke yetu.

Wengine watasema wanyama hawa wamezaliwa kizuizini, hawajui kingine. Toronto yenyewe ilipata jibu la hoja hiyo kwa gharama kubwa. Ndovu watatu wa mwisho wa bustani yake waliitwa Toka, Iringa na Thika, majina mawili kati ya hayo yakiwa ya miji yetu ya Afrika Mashariki. Thika alizaliwa hapohapo mwaka 1980, hakupata kuikanyaga Afrika. Baraza la jiji lilipoamua mwaka 2011 kwamba waondoke, na Oktoba 2013 wakapelekwa kwa malori hadi hifadhi yenye nafasi huko California, Thika hakuachwa nyuma eti kwa kuwa kwenye baridi ya Toronto ndiko kwao. Mwili hauzaliwi upya kwa sababu umezaliwa ndani ya uzio, na chatu aliyeanguliwa kwenye sanduku hujiviringa vilevile.

Sitaki maonyesho haya yafungwe yote. Wapo wanyama waliotelekezwa na wafugaji waliochoka nao, ambao hawawezi kurudishwa popote, na habari zao zinafaa kusimuliwa bila kufichwa, pamoja na jinsi walivyonunuliwa. Ninachoomba kwa shule, maktaba na wazazi wanaowaalika waonyeshaji ni sharti moja: kila mnyama aje na pango lake, na asiyetaka kutoka asitolewe. Watoto watalalamika kwamba hawakumwona nyoka. Walalamike, na mwalimu awaeleze palepale anafanya nini mle ndani na kwa nini.