Mlinzi Asiye Mwenyeji

Huku kwetu Singida, ng'ombe wa jirani wanapovamia shamba la alizeti wakala vichwa vilivyokwisha kukomaa, wazee huketi, huhesabu mashina yaliyovunjika, kisha hukata shauri la fidia. Na hukumu yao hutiiwa si kwa kuwa wana silaha, bali kwa kuwa kesho wao wenyewe watateka maji katika kisima kimoja na mdai na mdaiwa.

Je, anaweza kusuluhisha mtu ambaye kesho yake iko kwingine? Swali hili hunijia kila nisikiapo vijana wa Jeshi la Wananchi wamepelekwa ng'ambo kulinda amani. Wengi huuhesabu ugeni wa mlinzi kuwa dosari, ilhali aghalabu ndio fadhila yake: asiye na ng'ombe wala shamba hana wa kumpendelea, na mahasimu humwamini kwa kuwa hagombei urithi wao.

Lakini fadhila hiyo ni tete. Tarehe 28 Machi 2013, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 2098, liliunda huko mashariki ya Kongo brigedi ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania, ikapewa idhini ya kuwaandama waasi pasipo kungoja kushambuliwa. Na kabla ya mwaka kwisha waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Siulaumu uamuzi ule, kwani kutazama raia wakichinjwa kwa hoja ya kutopendelea ni dhuluma; ila tangu hapo mgeni naye akawa hasimu miongoni mwa mahasimu. Desemba 7, 2017, katika kambi ya Semuliki, huko huko mashariki ya Kongo, askari Watanzania wasiopungua 14 waliuawa.

Damu hiyo hununua nini? Naona hununua muhula, wala si amani yenyewe. Hata Uganda, majeshi yetu yaliingia Kampala Aprili 1979, yakatoka 1981, na Waganda wakapigana hadi 1986. Kongo nako M23 waliinuka tena mwishoni mwa 2021. Mataifa yale yale matatu yakarejea Desemba 2023 chini ya bendera ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, na mwezi Machi SADC ikaamua kuwaondoa askari wake.

Muhula si kitu duni, hasa kwa mtoto aliyehitaji miaka ya kusoma. Lakini mashauri ya ardhi, ya uraia na ya wakimbizi, ambayo askari hana mamlaka ya kuyakata, yalibaki kwa Kinshasa, kwa Kigali na kwa wenyeji wa Kivu, na hao ndio wa kuulizwa waliutumiaje muhula huo.