Sare ya Marehemu ni ya Nani?



Kuna watu, hasa Ulaya na Marekani, ambao wakipata pesa ya ziada hawanunui kiwanja wala bodaboda. Wananunua sare kuukuu za jeshi. Koti la vita ya 1914, kofia ya askari aliyekwenda Burma, beji ya bega, hata kifungo kimoja cha shaba chenye nembo ya kikosi kilichovunjwa zamani. Wanazisafisha, wanazivalisha sanamu kama zile za madukani, wanazipanga kwenye makabati ya kioo. Wakikutana wenyewe kwa wenyewe wanaweza kubishana saa nzima juu ya uzi wa mshono mmoja. (Ukiwa wa nailoni, umeuziwa feki. Nailoni ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, haiwezi kushona koti la 1914.)

Huku kwetu mambo hayo hayajashika sana, na sababu ya kwanza ni sheria. Agosti 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye falsafa: ukikuta kombati kwenye fungu la mitumba, iache hapohapo. Wala huo si uonevu. Sare ya jeshi lililo hai inasema "nimetumwa," na asiyetumwa akiivaa anasema uongo kwa mwili mzima. Hiyo ni Amri ya Nane, haihitaji insha.

Swali langu ni la sare za wafu, za majeshi ambayo hayapo tena. Je, ni sawa kuzinunua, kuzikusanya, na kuzitundika watu waje kutazama? Msidhani ni swali la Wazungu peke yao. Kati ya vitu vinavyotafutwa sana kwenye minada ya London na kwingineko kuna vitu vya babu zetu: beji za King's African Rifles, yaani KAR, medali zao, na nembo za tai walizovaa kofiani askari wa Mjerumani katika nchi hii hii.

Ukiuliza mtaani utapata majibu mawili ya harakaharaka. La kwanza: nguo za aliyeua zina mkosi, usilaze ndani ya nyumba. La pili: nguo ni nguo tu, mwenyewe ameshakufa, kuna shida gani?

La kwanza tuliache mlangoni. Kitambaa hakitendi dhambi. Dhambi inahitaji akili inayojua na utashi unaotaka, na koti halina vyote viwili. Mkristo anayeogopa koti lakini haogopi kinyongo alichonacho na jirani yake amekosea mahali pa kuogopa.

La pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu linaonekana la kisomi. Mtakatifu Augustino alikwisha kuligusa katika kitabu chake Mji wa Mungu: vazi la baba na pete yake huwa ni vya thamani kwa watoto kwa kadiri walivyompenda baba mwenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anaichukua hoja hiyo anapotetea heshima tunayoyapa masalia ya watakatifu. Angalieni inakotuelekeza. Thamani ya nguo inatoka kwa mtu, haitoki kwenye nguo. Sasa yule asiyempenda mtu huyo wala asiyemjua, anayetunza nguo yake kwa uangalifu kuliko watoto wa marehemu walivyoitunza, anapenda nini hasa?

Maandiko yenyewe yana habari za kukusanya vitu vya vita, ila huwa tunazisoma tukiwa tunakimbilia mbele. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Daudi akishamwua Goliathi anachukua silaha zake na kuziweka hemani kwake. Baadaye tunaukuta upanga ule kule Nobu kwa kuhani Ahimeleki, umefungwa kwenye nguo, umewekwa nyuma ya efodi. Haujatundikwa ukutani. Halafu mwisho wa kitabu Sauli anakufa vitani. Wafilisti wanaziweka silaha zake katika hekalu la Ashtorethi, na mwili wake wanautundika kwenye ukuta wa Beth-shani. Hapo silaha na maiti vyote vimekuwa maonyesho. Wanaume wa Yabesh-Gileadi wakasikia, wakatembea usiku kucha, wakaenda kuuteremsha ule mwili. Mwandishi hasemi kwamba walihangaika na zile silaha. Walimfuata mtu.

Nilipokuwa kwenye utume wa likizo katika parokia moja ya kijijini, kijana mmoja wa VIWAWA alinifuata baada ya Misa ya pili.

"Frateri, samahani, nina swali la kijinga."

"La kijinga halipo. Sema tu."

Akafungua leso. Ndani kulikuwa na nyota ya shaba yenye ncha sita, katikati taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Nyota ya Burma. Ilikuwa ya babu mzaa babu yake, aliyekwenda na KAR.

"Kuna mtu yuko Uingereza, nimempata mtandaoni, anaitaka. Nadaiwa ada chuoni, Frateri. Kuiuza ni dhambi?"

Nikamwomba aigeuze. Nyuma palikuwa patupu. Nilitazamia hivyo, na hapa inabidi nieleze kidogo. Medali ambazo Waingereza waliwapa askari wao kwa Vita vya Kwanza ziliandikwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Hata ikifika kwa mnunuzi wa kumi, bado inasema "mimi nilikuwa wa fulani." Nyota za Vita vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina. Nyota ya mzee huyu ilikuwa sawasawa na ya jenerali. Kilichoifanya iwe yake ni kwamba ilikaa kwenye sanduku lake, nyumbani kwake, na watu wa nyumba ile walijua. Siku inapoingia kwenye bahasha kwenda Uingereza, jina linafutika siku hiyohiyo, na hakuna atakayelirudisha.

Nikamwambia hapana, si dhambi. Ada ni kitu kizuri, na babu aliyetembea Burma kwa miguu asingekataa mjukuu asome. Lakini nikamwuliza: jina la babu unalijua? Alilijua la ubatizo tu. Lile aliloandikishwa nalo jeshini hakulijua, wala kijiji alichotoka, wala mwaka aliorudi. Nikamwambia basi bado huwezi kuuza, kwa sababu hujui unauza nini.

Akaenda kwa shangazi yake babake, bibi kikongwe aliyebaki. Yule bibi alikumbuka mengi kuliko alivyotegemea. Kwamba mzee hakupenda kuongelea vita ila mvua, tope na ruba. (Ni kweli: mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele katika bonde la Kabaw masika yakiwa yamepamba moto.) Kwamba mvua kubwa ikinyesha usiku, alikuwa anaamka na kukaa mlangoni hadi ikatike. Kijana akaandika yote kwenye karatasi mbili zinazofanana. Moja iko kwenye Biblia ya bibi. Nyingine ilikwenda na nyota. Aliiuza, ndiyo, na ada ikalipwa, na mimi sioni alichokosea.

Kuna habari nyingine inayosimuliwa sana. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck mishahara waliyokuwa wanadai tangu Vita vya Kwanza. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza kwenye ofisi ya muda ya kulipia, na wengi hawakuwa na cheti chochote. Wengine walitoa vipande vya sare zao za zamani kuwa ushahidi. Hebu fikiria mzee ametunza tambara la kaki miaka arobaini na kitu. Sidhani alilitunza kwa sababu ya uzuri wake. Lilikuwa hati ya deni. Lilisema: nilikuwepo, na kuna mtu hajanilipa.

Tangu nilipoisoma habari hiyo siwezi tena kutazama sare kwenye kioo bila kuuliza nani anamdai nani. Tomaso anasema haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Marehemu naye ana kilicho chake. Hana haja tena na mshahara, lakini ana jina, na ukweli juu ya maisha yake, na sala.

Ukweli huo lazima uwe mzima, na hapa ndipo pagumu. Jeshi lile lile la kofia zenye tai ndilo lililozima Maji Maji kati ya 1905 na 1907. Mashamba yalichomwa, ghala zikachomwa, na njaa ikaua kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Waliobeba bunduki nyingi upande wa Mjerumani hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Waafrika, wakiwemo Wanyamwezi, Wasukuma na Wasudani. Kwa hiyo kofia moja, ikiwekwa kwenye kioo, kwa mjukuu wa Mwanza ni babu asiyelipwa, na kwa mjukuu wa Songea ni yule aliyechoma ghala. Wote wawili wanasema kweli. Mwenye kabati anayemwambia mmoja tu habari ya kofia hiyo amemwibia mwingine, hata kama ameinunua kihalali na risiti anayo.

Wengine watasema basi vitu vya waovu vichomwe tu. Wajerumani wenyewe wamekwenda nusu ya njia hiyo: kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, lakini kinaacha nafasi kwa mafundisho, sayansi na sanaa. Naona wamefikiri vizuri. Maadili yetu yanafundisha kupima kitendo chenyewe, nia na mazingira, na hapa mazingira yana uzito mkubwa. Koti la SS lililopigwa pasi, peke yake sebuleni chini ya taa, linapendezesha. Lilishonwa lipendezeshe. Liweke jirani na nguo ya mistari ya mfungwa wa Auschwitz yenye namba kifuani, uone kama urembo wake utabaki. Mtakatifu Maksimiliani Kolbe aliitwa 16670 kule, mpaka siku alipotoka kwenye mstari mwaka 1941 kujitolea afe badala ya baba mwenye mke na watoto. Walipomwuliza yeye ni nani, hakutaja namba. Alisema ni padre Mkatoliki.

Nimebakiza watu ambao kabati la kioo haliwezi kuwaonyesha kabisa. Katika Vita vya Kwanza, kwa kila askari mwenye bunduki kulikuwa na wapagazi waliobeba unga, risasi na majeruhi. Upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia ndugu zao. Kariakoo, ambako leo unakwenda kununua simu, imepata jina lake kwa Carrier Corps, kikosi chao. Mpagazi hakuwa na koti lenye vifungo. Alikuwa na blanketi na mzigo. Blanketi lilioza naye, na hata lingebaki, hakuna mnada ambao ungelitaka. Mkusanyaji akikuambia kabati lake linaonyesha vita ilivyokuwa, mwulize kwa upole wapagazi wako rafu ya ngapi.

Tarehe 11 Novemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, askari aliyekata joho lake la kijeshi kwa upanga na kumpa nusu maskini mwenye baridi kwenye lango la Amiens. Neno kapela linatokana na joho hilo, kwa Kilatini cappa. Ajabu ni kwamba wafalme wa Wafaranki walilitunza kama hazina na kwenda nalo vitani, joho la mtu aliyeacha jeshi akisema yeye ni askari wa Kristo. Siku hiyohiyo mwaka 1918 vita ilisimama Ulaya, lakini huku habari zilichelewa, na Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia.

Tarehe zote mbili zinaangukia mwezi wa kuwaombea marehemu. Parokia nyingi hutoa bahasha za kuandika majina yao. Kama ukoo wenu una mzee wa KAR, au wa Mjerumani, au aliyekufa kwa mkono wa mmoja wao, mwandike. Kama ni yule ambaye wanakumbuka tu kwamba alichukuliwa kubeba mizigo akapotelea huko, na jina hakuna analolijua, andikeni "mpagazi, 1917." Padre atamsoma hivyohivyo.