Jeraha Lisidhaniwe Kipaji

Wapo waimbaji chipukizi wanaoamini kwamba sauti haipati uzito mpaka mwenyewe aharibike. Ushahidi wao mara nyingi ni Lady in Satin, albamu ambayo mwimbaji wa jazi Billie Holiday aliirekodi New York mnamo Februari 1958, akiwa na umri wa miaka 42. Naipenda mno albamu hiyo, na ndiyo maana nawasihi waisikilize upya.

Nyuma yake kuna fidla, kinubi na waitikiaji wa kike, muziki laini uliopangwa na Ray Ellis. Mbele kuna sauti iliyopwelea, na pumzi zinakatika kabla ya mstari kwisha. Ellis mwenyewe hakuridhika wakati wa kurekodi, kwa kuwa alisikia noti zilizokosewa tu. Baadaye, aliposikiliza kazi iliyokamilika, ndipo hisia za Holiday zikamfikia.

Sasa sikiliza mapigo. Katika "I'm a Fool to Want You" fidla zinatangulia. Holiday anakuja nyuma, analiacha neno lining'inie, kisha analitua pale pale linapotakiwa. Hilo halikutoka kwenye chupa ya pombe wala kwenye sindano ya heroini. Alikuwa akilifanya tangu miaka ya 1930 na bendi za mpiga piano Teddy Wilson, sauti yake ikingali nyepesi na angavu. Ni ufundi wa miaka zaidi ya 20, na ndio uliobaki umesimama sauti ilipomwangusha.

Wala hakujiharibu peke yake. Mwaka 1947 alifungwa Alderson, West Virginia, kwa kosa la heroini. Mgonjwa aliyehitaji tabibu akakabidhiwa askari jela. Alipotoka, polisi wa New York walimnyima kadi ya kuimba katika klabu zinazouza pombe. Machi 1948 aliujaza ukumbi wa Carnegie Hall, lakini bila kadi hakuruhusiwa kuimba katika klabu za jiji hilo, ambamo mwimbaji wa jazi alipata riziki ya kila usiku. Mwaka 1959 alikamatwa akiwa kitandani hospitalini, akawekewa polisi wa kumlinda, na tarehe 17 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 44.

Miezi minne kabla ya kifo chake alikuwa amerekodi albamu nyingine na Ellis huyo huyo. Zisikilize zote mbili zikifuatana. Katika mwaka ule mmoja kati ya albamu hizo mateso yake yalizidi, na kilichoongezeka katika uimbaji wake ni kukatika kwa pumzi.